Stadi za Mikono katika Shule za Kenya

Mwaka 1981, Tume ya Mackay, iliyopewa kazi ya kutafakari kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili nchini Kenya, ilipendekeza pia kubadilishwa kwa mfumo mzima wa elimu. Kilio cha wakati ule kilikuwa vijana kumaliza shule wakijua kusoma na kuandika lakini bila ujuzi wa kazi za mikono.

Mfumo huo mpya, wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu), ulianza mwaka 1985 ukiwa na kilimo, sayansikimu, sanaa na ufundi. Wanafunzi walisuka vikapu, walichonga miiko na kushona nguo. Lakini masomo yalitangulia vifaa. Wazazi walitakiwa kuchangia ujenzi wa karakana, na shule nyingi zilikosa randa, misumeno na walimu waliosomea ufundi. Mwanafunzi akaishia kukariri majina ya zana ili ajibu mtihani.

Mapema miaka ya 2000, masomo hayo yalipunguzwa kwa hoja kwamba mzigo wa wanafunzi ni mzito. Mwaka 2017, mtaala wa umilisi ulipoanza kujaribiwa, stadi hizo zilirudi. Lakini ufundi haufundishiki kwa kitabu pekee. Ili kosa la 8-4-4 lisirudiwe, serikali igharamie karakana na walimu kwanza.