Uwanja wa ndege wa Timbuktu: mlango wa mwisho wa mji wa jangwani

Wadau, wengi wetu Timbuktu tuliikuta kwenye somo la historia sekondari: Mansa Musa, dhahabu, chumvi na misafara ya ngamia kuvuka Sahara. Mtihani ukiisha, tunaiacha huko huko. Lakini mji upo, watu wanaishi na kuuza sokoni, na wana uwanja wa ndege ambao tangu 2012 umegombewa na kila mwenye bunduki. Leo tuuangalie huo uwanja.

UKO WAPI
Timbuktu iko kaskazini mwa Mali, ukingoni mwa jangwa. Uwanja uko kilomita chache kusini ya mji, upande wa kwenda Kabara, bandari ya zamani ya Mto Niger. Alama yake kwenye tiketi ni TOM. Una njia moja ya lami ya kurukia ndege, urefu wake kilomita 2 na ushee. Msimu wa kiangazi upepo wa harmattan hujaza vumbi angani, na rubani anaweza asione vizuri anakotua.

KWA NINI UNAGOMBEWA
Kufika Timbuktu kuna njia tatu tu. Ya kwanza ni barabara. Kutoka Bamako ni karibu kilomita 1,000, na kipande cha mwisho kuanzia Douentza ni mchanga mtupu, tena watu wenye silaha hutega mabomu humo. Ya pili ni mto, lakini boti kubwa zinapita ile miezi ambayo maji yamejaa. Ya tatu ni ndege. Sasa fanya hesabu mwenyewe: mtu akifunga barabara na mto, mji mzima unabaki unapumua kwa tundu moja.

NANI KAUSHIKA, LINI
- Aprili 2012: siku chache baada ya jeshi kupindua serikali Bamako, waasi wa Kituareg wa MNLA waliingia Timbuktu. Ansar Dine nao wakaingia, wakashika mji, MNLA wakajikita uwanja wa ndege. Mwisho wa Juni MNLA wakatimuliwa hata hapo. Ndio kipindi kile makaburi ya mawalii yalivunjwa.
- Januari 2013: usiku wa kuamkia tarehe 28, askari wa miavuli wa Ufaransa wapatao 250 walirukia kaskazini ya mji, huku wenzao na jeshi la Mali wakija kwa nchi kavu. Uwanja ulichukuliwa kwanza, mji ukafuata. Njia ya ndege ilikuwa imezibwa, ikabidi mafundi wa jeshi nao warushwe kwa miavuli waje kuisafisha. Tarehe 2 Februari Rais Hollande alikuwa Timbuktu anashangiliwa.
- 14 Aprili 2018: kambi ya walinda amani wa UN na Wafaransa hapo uwanjani ilipigwa kwa roketi na magari ya mabomu. Washambuliaji walivaa kofia za UN, na gari moja liliandikwa UN. Mlinda amani mmoja aliuawa.
- Desemba 2021: Wafaransa wakaondoka. Mwezi uliofuata Warusi wakaingia kambi ileile. Mwaka 2023 na UN nao wakafunga virago Mali.

SEPTEMBA 2023
Hapa ndipo utaona maana ya uwanja huu. Agosti mwaka huo kundi la JNIM lilitangaza kuuzingira mji. Malori yakakwama, bei za vyakula zikapanda. Tarehe 7 Septemba boti la abiria lilishambuliwa mtoni na kambi ya Bamba ikapigwa siku hiyo hiyo. Serikali ilisema waliokufa kwa yote mawili ni raia 49 na askari 15. Kwa hiyo barabara imefungwa, mto umefungwa. Tarehe 11 makombora yakaanguka karibu na uwanja, na shirika la Sky Mali likafuta safari zake. Ndani ya siku nne tu! Maelfu ya watu wakahama eneo hilo.

Tarehe 2 Juni 2025 JNIM walirudi tena, wakashambulia kambi ya jeshi na eneo la uwanja.

TUSISAHAU
Kwenye habari huwa tunasikia jeshi na magaidi tu. Lakini uwanja ukifungwa, anayeumia kwanza ni mgonjwa anayesubiri kupelekwa Bamako, mwanafunzi anayerudi chuo, na mama anayesubiri dawa zinazokuja na ndege za misaada za UN. Aliyeshika bunduki ana njia zake. Hao hawana. Ndiyo maana ukitaka kujua hali ya Timbuktu wiki yoyote ile, usianze kuuliza nani kashinda vita. Uliza kama ndege imetua.

Mwenye nyongeza, au aliyewahi kufika pande hizo, karibu uchangie.