Ukurasa unachelewa kufunguka na kifurushi kipo? Angalia jinsi majina yanavyotafutwa

Kifurushi kipo, alama za mtandao zinaonekana, lakini ukifungua ukurasa wa matokeo ya mitihani skrini inabaki nyeupe. Unasubiri sekunde tano, kumi, halafu ghafla ukurasa wote unakuja kwa mkupuo. Wengi wanaopatwa na hali hii hukimbilia kununua kifurushi kingine, na wengine huanza kuulizia bei ya simu mpya. Kabla hujatoa hela, tunakuomba utazame sehemu moja ya mtandao isiyozungumzwa sana: kutafuta majina.

Jina na namba yake

Redio unaijua kwa jina, lakini kipokezi chako hakielewi jina, kinahitaji namba ya masafa. Intaneti nayo ni vivyo hivyo. Unapoandika necta.go.tz, simu au kompyuta haiwezi kwenda popote mpaka ipate namba ya mahali tovuti hiyo ilipo. Kwa hiyo kwanza inaiuliza seva ya majina: jina hili namba yake ni ipi? Jibu likirudi ndipo safari inaanza. Mfumo huu unaitwa DNS. Zikumbuke herufi hizo tatu, maana ndizo utakazozikuta kwenye mipangilio ya simu na ya ruta.

Mfumo wenyewe ulibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris. Kabla ya hapo majina ya kompyuta zote za mtandao yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa California, na kila mwenye kompyuta alilazimika kulinakili upya mara kwa mara. Sasa kazi imegawanywa, kila kundi la majina lina msimamizi wake.

Swali na jibu kwa kawaida huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde, na jibu huhifadhiwa kwa muda. Ndiyo maana tovuti uliyoifungua asubuhi hufunguka haraka mchana, wakati tovuti mpya inakusubirisha.

Kwa nini vijijini tatizo hili linauma zaidi

Swali la jina ni ujumbe mdogo sana, na mara nyingi hutumwa bila stakabadhi, kama barua uliyompa abiria wa basi usiyemjua. Ikipotea njiani, hakuna wa kukuambia. Kompyuta inakaa inasubiri jibu ambalo halitakuja, na muda wake ukiisha ndipo inauliza tena. Kompyuta za Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, husubiri sekunde 5.

Sasa fikiria nyumba iliyo mbali na mnara, ruta ya laini imewekwa kabatini nyuma ya vyombo. Ujumbe mmoja hapa na pale unapotea. Video iliyokwisha kuanza inaweza kuendelea vizuri, kwa sababu njia yake tayari imefunguliwa na kinachopotea hutumwa tena upesi. Lakini kila ukurasa mpya unaanza na kusubiri. Tena ukurasa mmoja hauulizi jina moja: picha, matangazo ya biashara na vitufe vya mitandao ya kijamii vinaweza kutoka kwenye seva nyingine, kila moja na jina lake. Kurasa zilizojaa matangazo ndizo zinazoteseka kuliko zote.

Sababu nyingine ni ruta iliyochoka kwa kuwashwa wiki nzima ikiwa na simu kumi juu yake, au namba ya seva ya majina iliyoandikwa zamani kwenye kompyuta na ambayo haifanyi kazi tena. Hapo kompyuta huuliza ya kwanza, husubiri bure, kisha huenda kwa ya pili. Ucheleweshaji wa namna hii una dalili yake: unajirudia kwa urefu uleule kila mara.

Namna ya kupima

Anza na kipimo kisicho na gharama kubwa. Fungua tovuti ambayo hujaifungua siku hiyo kwa kutumia WiFi ya nyumbani. Kisha zima WiFi, tumia data ya simu yenyewe, ufungue nyingine mpya. Ikiwa kwa data ya simu inakuja mara moja, shuku ruta. Zikichelewa zote, shuku mawimbi au kampuni ya simu. Zikija zote haraka isipokuwa tovuti moja, kosa si lako. Siku matokeo yanapotangazwa seva huelemewa na watu, na hakuna mpangilio wa simu utakaosaidia.

Usidanganyike na WhatsApp. Ujumbe wake unaweza kuendelea kuingia ilhali majina hayapatikani, kwa sababu njia yake ilishafunguliwa. Maandishi ya kutazama ni haya yanayotokea kwenye kivinjari: ERR_NAME_NOT_RESOLVED. Maana yake jina halikupatiwa namba.

Mwenye kompyuta ya Windows anaweza kupima kwa uhakika zaidi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha andika nslookup necta.go.tz. Ukiona maneno DNS request timed out, swali halikujibiwa kwa wakati. Baada ya hapo andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni namba, haihitaji kutafutiwa jina. Ikijibu vizuri huku majina yakikwama, umeshampata mwizi.

Kurekebisha

Izime ruta, hesabu hadi thelathini, iwashe. Kisha ihamishe: iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, mbali na bati na friji. Tungeanza na hilo kabla ya kugusa mpangilio wowote, kwa sababu mawimbi hafifu hayaponi kwa kubadili namba.

Kwenye simu za Android kuanzia toleo la 9 kuna mpangilio wa DNS ya faragha. Simu iliyowekwa Kiingereza huandika Private DNS. Utafute ndani ya mipangilio ya mtandao. Kama kuna mtu aliandika humo jina la seva, labda ili kuzuia matangazo, na seva hiyo iko mbali au imezimwa, simu nzima itakwama. Irudishe kwenye chaguo la otomatiki.

Hayo yasiposaidia, unaweza kubadili seva ya majina kwenye ruta. Anwani ya ukurasa wake imebandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Seva za wazi zinazojulikana ni 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare, zote bila malipo. Andika kwanza pembeni namba zilizokuwepo, ili uweze kurudi. Na usiamini kila anayesema namba hizi huongeza kasi: seva ya kampuni yako ya simu huenda iko karibu zaidi, na ikiwa nzima inaweza kuzishinda. Jua pia kwamba yeyote unayemuuliza majina anaweza kuona ni tovuti zipi unazitafuta.

Ukikuta ruta ina namba usizozitambua wala kampuni yako haizitambui, hilo si suala la kasi tena. Mwaka 2011 FBI ya Marekani ilitangaza kuvunja mtandao wa wahalifu waliotumia kirusi kiitwacho DNSChanger kubadili namba hizi katika kompyuta takriban milioni 4, kwenye nchi zaidi ya 100. Aliyeandika jina la tovuti halali aliweza kupelekwa kwingine bila kujua. Rudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, badili nenosiri la ukurasa wake, na usiingie kwenye akaunti ya benki kupitia WiFi hiyo mpaka umemaliza.

Ukibaki na kampuni ya simu, usiwaambie tu kwamba mtandao uko chini. Waambie ping kwenda namba inajibu lakini majina hayapatikani, taja saa ilipotokea na kijiji ulipo, kisha uombe namba ya taarifa yako.