Moshi wa Watu Wengine

Bedsita yangu ya Nairobi ina dirisha moja. Ukikaanga omena Jumatatu, Jumatano bado unaisikia kwenye pazia. Ndiyo maana nilinunua vijiti vya kufukiza vya Kijapani, vile vinavyoitwa senko. Tofauti na vya Kihindi vya dukani, hivi havina kijiti cha mwanzi katikati: ni unga wa miti na viungo uliokandwa, ukanyooshwa kama tambi, ukakaushwa. Nikitoka kazini nawasha nusu. Moshi ni mwembamba, haukabi koo.

Cha sandali kinanukia kama penseli mpya iliyochongwa. Cha pili kilinisimamisha. Harufu ile niliwahi kuisikia arusini Mombasa, ikitoka kwenye chetezo. Ni udi!

Nikaanza kusoma. Nihon Shoki, kitabu cha historia ya Japani kilichokamilika mwaka 720, kinasema kwamba mwaka 595 kipande cha mti kilielea hadi kisiwa cha Awaji. Wenyeji wakakitia motoni kama kuni, wakashangazwa na harufu yake. Udi wenyewe hutoka misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, na huko huko ndiko Waswahili walikoupata wao. Bidhaa moja, ila meli zilielekea pande tofauti.

Cha tatu kilikuwa na ubani, na huo ulinirudisha nyumbani. Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bandari, Periplus, akataja ubani na manemane kutoka pwani ya Somalia. Lakini mimi ubani niliujulia Kakuma. Kambi ilianzishwa 1992, na Wahabeshi waliokimbilia huko walikuja na buna yao: kahawa inakaangwa mbele yako, ubani unatupwa kwenye makaa. Na miti ya jamii hiyo ya ubani na manemane inaota pia kwenye nyika zetu za kaskazini.

Sasa niseme aibu yangu. Nilizaliwa Kainuk, kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar. Nyanya yangu hufukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, kisha hukifunika ili moshi ushike. Maziwa yake hayaharibiki haraka, na yana ladha ambayo huipati kwenye pakiti. Nilipoenda shule ya bweni, wenzangu waliziba pua: "Huyu ananuka moshi." Nikawa nafua sare mara mbili kwa wiki. Nikirudi likizo, nayakataa yale maziwa. Nyanya hakuuliza kitu. Aliacha tu kunimiminia.

Leo nalipa pesa nzuri kwa moshi wa watu wengine kwa sababu umefungwa kwenye karatasi ya kupendeza. Ukipita Awaji au kwa yule mwandishi wa Kigiriki, unaitwa historia. Ukipita kibuyuni mwa nyanya, niliuita uchafu, na aliyeuita hivyo si wenzangu wa bwenini peke yao.

Desemba nilimpelekea pakiti. Nikamwashia kimoja. Akasogea, akavuta pumzi, akacheka.

"Ni mzuri, mjukuu wangu. Na maziwa yake yako wapi?"

Nikaingia ndani kutafuta kikombe.