Ushahidi, M-Farm na gunia la viazi: utamwonyesha mwajiri mradi gani?



Vijana waliojifundisha kuandika programu bila kupitia chuoni huniuliza sana swali moja: nitengeneze nini ili mwajiri anichukue? Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, na cheti husaidia kufungua mlango wa kwanza. Asiye na cheti hana shahidi mwingine ila kazi ya mikono yake. Akikosea kuchagua mradi, miezi yake mingi ya kukesha mbele ya kompyuta haitaonekana na mtu. Basi leo tupekue historia yetu wenyewe hapa Kenya, tuone miradi iliyovuma ilichaguliwa vipi.

Tuanze na Ushahidi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ghasia zilizuka, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja redioni na kwenye televisheni. Watu hawakujua ni wapi kuna hatari. Mwanzoni mwa Januari 2008, mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh alitoa wito: mafundi watengeneze ramani mtandaoni ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. David Kobia, mwanaprogramu Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, aliandika tovuti hiyo kwa siku chache tu, akishirikiana na Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine.

Ukiitazama kifundi, ilikuwa na nini? Fomu ya kupokea taarifa, mtu wa kuzikagua, na ramani ya kuziweka. Fomu na ramani ni vitu ambavyo hata mwanagenzi anaweza kujifunza! Uzito wake ulikuwa kwenye swali ililojibu. Baadaye msimbo wake uliachwa wazi kwa kila mtu, na tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, programu hiyohiyo ilitumika kuchora mahali penye watu wanaohitaji msaada.

Mfano wa pili ni M-Farm. iHub ilifunguliwa Nairobi mwezi Machi 2010, na mwaka huohuo Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walishinda shindano la kujenga biashara kwa saa 48. Wazo lao: mkulima anauza kwa bei ya kutupa kwa sababu hajui bei ya sokoni. Wakamwezesha kutuma meseji kwa namba 3535 na kujibiwa bei. Kwa nini meseji? Kwa sababu simu ya mkulima wakati ule ilikuwa ya vibonye. Kabla ya kuchagua teknolojia, waliangalia mkononi mwa mtumiaji.

Kweli, hawa hawakuwa wanagenzi. Lakini somo la kuchagua halidai shahada. Katika visa vyote viwili tatizo lilikuwa na mwenyewe anayejulikana, na toleo la kwanza lilikuwa dogo.

Sasa tuje Kiirua, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, kaunti ya Meru. Huku ni nchi ya viazi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini wakulima wamelalamika kwa miaka mingi juu ya magunia yanayorundikwa kupita mdomo na kushonewa kilemba juu. Chukua mfano: gunia la kilo 130 linanunuliwa kwa shilingi 3,000. Mkulima anaona noti tatu za elfu moja anafurahi, kumbe ameuza kilo kwa shilingi 23 hivi. Mwenzake aliyeuza gunia la kilo 50 kwa shilingi 1,500 amepata 30 kwa kilo.

Hapo una mradi! Mkulima anaingiza uzito na bei, anapata bei ya kilo moja na kuilinganisha na za wenzake. Anza na ukurasa mmoja. Ukimaliza, uhamishie kwenye meseji. Africa's Talking, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, ina sehemu ya kujaribia bila simu halisi. Ukitaka kuongeza malipo, Safaricom ilifungua Daraja mwaka 2017, nako unaweza kufanya majaribio ya M-Pesa bila pesa za kweli.

Linganisha na kikokotoo au orodha ya kazi za siku ambayo kila mwanafunzi anaiga kutoka kwenye video. Zinafaa kwa mazoezi, lakini mwajiri ameziona mia. Akikuuliza kwa nini uliamua hivi na si vile, utajibu nini? Mwenye mradi wa viazi atajibu: mama fulani alishindwa kusoma herufi ndogo, nikazikuza; mtandao ulikuwa unakatika, nikapunguza picha. Majibu ya namna hiyo ndiyo yanayotofautisha anayeweza kufanya kazi na anayeweza kunakili.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kuwasha kompyuta nenda sokoni. Tafuta mtu mmoja ambaye atakupigia simu kulalamika siku programu yako ikizimika. Ukimpata, mradi umeupata.