Mkeka, Mofa na Chokaa: Nyumba ya Mbajuni kama Ushahidi wa Historia

Historia ya Somalia tunayoisoma darasani huanza na wafugaji wa ngamia, ikapita kwa masultani na wakoloni, ikaishia kwenye vita vya 1991. Wabajuni wakitajwa, hutajwa kama wavuvi. Katika insha hii nitawatazama kwa kupitia vitu vitatu vya nyumbani: mkeka unaolaliwa, mofa inayoliwa na chokaa inayopakwa ukutani. Hoja yangu ni kwamba kazi za mikono na mapishi ni ushahidi wa historia, tena ni ushahidi wenye tarehe: hubadilika kadiri watu wanavyohama na kutawaliwa. Mwishoni nitaonyesha kwa nini jambo hili linamhusu hata mtu aliyesimama mbele ya hakimu Ulaya.

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga kusini mwa Kismayo hadi kukaribia Ras Kamboni, na miongoni mwake ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, Wabajuni wanaishi Kiunga, Faza, Kizingitini na kwingineko katika kaunti ya Lamu. Mwingereza J. A. G. Elliott aliandika habari za safari yake visiwani katika miaka ya 1920. Mwitaliano Vinigi Grottanelli alichapisha kitabu kikubwa mwaka 1955, na jina lake linawataja wavuvi wa Bahari ya Hindi. Neville Chittick naye alikagua magofu ya pwani hiyo katika miaka ya 1960. Kwa wataalamu hao nimeongeza maelezo ya bibi yangu mzaa mama, mzaliwa wa Chula ambaye sasa anaishi Mombasa, kwa kuwa vitabu vinaeleza mkeka ulivyo, naye anaeleza unavyosukwa.

Nianze na mkeka. Majani ya mkindu, au miyaa ya mkoma, hukatwa, huanikwa juani, kisha huchanwa kuwa chane. Baadhi ya chane huchemshwa pamoja na rangi. Chane husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu, na ukili ukitosha hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukamilike. Kwa ufundi huohuo hupatikana mswala wa kusalia, kikapu, kipepeo cha kupepea moto na kawa ya kufunikia chakula. Nilipoketi kujifunza, bibi aliniambia, "Mjukuu wangu, mkeka hauna haraka. Ukivuta chane kwa hasira, ukili unapinda."

Ufundi huu haukukomea sakafuni. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila misumari, ambacho Wabajuni na jirani zao wa Pate walikuwa miongoni mwa mafundi wake wa mwisho, ulisafiri kwa tanga la mraba lililosukwa kwa majani. Waandishi wa safari ya Vasco da Gama waliona matanga ya namna hiyo Msumbiji mwaka 1498. Mkeka wa chumbani na tanga la baharini vilitokana na ujuzi mmoja. Kwa hiyo, tukisema kwamba wanaume walijenga biashara ya bahari na wanawake walikaa nyumbani wakisuka, tunatenganisha vitu ambavyo pwani haikuvitenganisha.

Mkeka una jambo la pili la kutufundisha. Visiwa hivi ni vya mawe ya matumbawe, vidogo na vikavu. Majani ya kutosha, kuni na mashamba vilipatikana bara, na Wabajuni walizoea kuvuka kwenda kulima huko na kurudi. Kila mkeka uliotandikwa kisiwani ni dalili kwamba njia ya bara ilikuwa wazi. Njia hiyo ilipofungwa, mkeka nao uliathirika. Upande wa Kenya, vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwafanya Wabajuni wengi kuacha vijiji na mashamba yao ya bara. Upande wa Somalia, usalama ulivunjika mwaka 1991. Mkeka wa plastiki ulioenea kila mahali siku hizi una sababu zake za bei na urahisi, lakini kwa Wabajuni ipo sababu nyingine: mtu asiyeweza kufika kwenye mkindu hawezi kusuka.

Sasa nije jikoni. Mofa ni mkate wa unga wa mtama au mahindi, unaoumuliwa kisha ukabandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo lililopashwa moto. Wasomali huuita muufo, na tanuri wao huliita tinaar. Majina haya yanafanana kwa sababu majirani hawa wamekula pamoja muda mrefu, hata pale wanasiasa wanapotuambia kwamba ni watu wawili wasiojuana. Mofa huliwa na samaki, wabichi au ng'onda, yaani waliotiwa chumvi na kuanikwa.

Sinia la pwani hii linaweza kusomwa kwa tabaka kama mwanaakiolojia anavyosoma shimo lake. Mtama ni nafaka ya Afrika. Wali ulikuja kwa njia ya bahari, na Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na vitoweo, achari na maembe. Mahindi yalitoka Amerika baada ya Wareno kuingia katika bahari hii. Tambi za Kiitaliano, ambazo Wasomali huziita baasto, zilizoeleka chini ya utawala wa Italia, uliopewa Jubaland na Waingereza mwaka 1925. Leo wataalamu wa afya wanatuhimiza tule nafaka zisizokobolewa, samaki na kunde. Chakula hicho ndicho kilichokuwa cha kawaida katika nyumba za wazee wetu, na kilipungua pale watu walipotengwa na mashamba na bahari yao wakaanza kutegemea unga wa mgao na mafuta ya dukani.

Kitu cha tatu ni chokaa, na hiki kinahusu majira. Nyumba ya Mbajuni iliendeshwa kwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ya jua, ile ya Nairuzi, ambayo mabaharia wa pwani waliigawa katika miongo ya siku kumikumi ili kujua kaskazi na kusi. Ya pili ni ya mwezi, yenye Ramadhani, Idi na Maulidi. Kusi ilipochafua bahari, vyombo vilipandishwa pwani, na hapo ng'onda waliowekwa akiba walikuwa na maana. Mapambo yalifuata mwezi. Idi ilipokaribia, ukuta ulipakwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe, mkeka wa rangi ukatolewa mahali ulipohifadhiwa, kawa mpya zikatundikwa, na nyumba ikafukizwa udi na ubani. Kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa takriban siku kumi na moja, Idi huzunguka majira yote. Mama wa nyumba alilazimika kupanga: ikiwa Idi itaangukia kusi, ukindu ulioletwa kutoka bara uwe tayari kabla. Huo ni ujuzi wa hesabu za wakati, ingawa haukuandikwa daftarini.

Baada ya 1991 Wabajuni wengi wa Somalia walikimbilia Kenya, na baadhi yao walikaa katika kambi ya Jomvu, Mombasa. Wengine walifika Ulaya. Huko Uingereza, vitu hivi vya nyumbani viligeuka kuwa mtihani. Aliyeomba hifadhi akisema yeye ni Mbajuni aliulizwa kuhusu visiwa, chakula na maisha ya kila siku, na Kibajuni chake kilipimwa. Je, anasema "tatu" au "chachu"? Ripoti za uchambuzi wa lugha katika kesi za Wasomali zilibishaniwa hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwaka 2014.

Naelewa kwa nini maswali hayo huulizwa, kwani serikali inataka kumtambua msema kweli. Hata mimi nimesema kwamba nyumba ni ushahidi. Lakini ushahidi wa nyumba una tarehe, na una mtu wake. Kijana aliyekimbia akiwa mtoto na kukulia Mombasa atasema "tatu" kama wenzake wa Mombasa. Msichana aliyelelewa ndani anaweza kujua idadi ya chane katika ukili asijue mwendo wa kutoka Chula hadi Kismayo. Aliyekulia kambini amelalia mkeka wa plastiki. Anayewapima kwa picha ya kisiwa cha mwaka 1955 anampima mjukuu kwa maisha ya babu yake. Majibu yao yanaweza kupungukiwa kwa sababu hiyohiyo waliyokimbilia: njia ya bara ilifungwa, na nyumba ikahama.

Kwa maoni yangu, kazi ya mwanafunzi wa historia hapa ni mbili. Kwanza, tukusanye maneno ya kazi hizi, kama vile chane, ukili, kawa na mofa, kutoka kwa wanawake wanaoyajua, tukiandika pia msemaji alizaliwa wapi, alihama lini na alijifunza kwa nani. Pili, tuyaandike kwa namna ambayo hakimu, mwalimu au Mbajuni mwenyewe ataona mabadiliko, asidhani kwamba utamaduni ni kitu kilichogandishwa. Wengi waliosuka Chula na Koyama kabla ya vita sasa ni wazee, na wapo Mombasa, Lamu na Kismayo, mahali ambapo mwanafunzi mwenye kalamu anaweza kufika.