Kabla ya Kumtuma Mwandishi Mlimani

Liko neno moja la Kiswahili ambalo limeingia katika vitabu vya wataalamu wa volkano duniani kote, nalo halikutoka Unguja wala Mombasa. Limetoka Goma, mashariki ya Kongo. Neno lenyewe ni mazuku. Watu wa Goma na wa vijiji vya kandokando ya Ziwa Kivu huita hivyo ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Haina rangi, wala haina harufu ya kumshtua mtu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hulala mahali pa chini kama maji, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi akishuka kula majani hapandi tena, na mtoto anayemfuata mbuzi naye hapandi. Wataalamu wa kigeni walipofika na vipimo vyao wakakuta kwamba hewa hiyo ni kaboni dayoksaidi, lakini hawakuona haja ya kubuni jina jipya. Wakaandika mazuku, na hivyo ndivyo wanavyoandika mpaka leo.

Mwandishi wa habari anayelijua neno hilo ananufaika mara mbili. Hatashuka bondeni alfajiri kupiga picha za mizoga, na wala hataandika kwamba mifugo imeuawa na wachawi au imetiliwa sumu na majirani. Elimu ile ile inayookoa roho yake ndiyo inayonyoosha kalamu yake. Katika semina nyingi za waandishi mambo haya mawili, usalama wa mwandishi na ukweli wa habari, hufundishwa kama masomo mbalimbali: siku ya kwanza hili, siku ya pili lile, na katikati chai na maandazi. Mimi nashikilia kwamba ni somo moja, na ushahidi wangu mkubwa unatoka mbali kidogo, Japani, mwaka 1991.

Mlima Unzen uko katika rasi ya Shimabara, kisiwa cha Kyushu, kusini ya nchi ile. Mwaka 1792 kilima kimoja cha mlima huo kiliporomoka mpaka baharini, bahari ikainuka, wakafa watu karibu 15,000. Kisha mlima ukalala miaka 198. Novemba 1990 ukaamka, na mwezi Mei 1991 lava ikaanza kujitokeza kileleni. Haikuwa lava ile inayotiririka kama uji. Ilikuwa nzito, inavimba na kujirundika kama donge la ugali. Donge likizidi uzito humeguka, na kipande kinapoporomoka husagika kikawa majivu, mawe na gesi yenye joto la mamia ya nyuzi, vyote vikiteremka pamoja kwa kasi ya gari liendalo mbio katika barabara kuu. Anayetazama kwa mbali huona kitu kama wingu, au moshi wa treni ya zamani. Hapo ndipo penye mtego, maana wingu ni kitu ambacho macho yetu hayakuzoea kukiogopa.

Kuanzia tarehe 24 Mei mawingu hayo yakawa yanashuka, na kila moja likasimama kabla ya kufika mbali. Wakazi wa kitongoji cha Kita-Kamikoba wakashauriwa kuhama, wakahama. Waandishi wakapanda kule kule walikotoka wakazi. Palikuwa na mahali barabarani, kama kilomita 4 kutoka kileleni, ambapo mlima ulikaa mbele ya kamera bila kizuizi. Mahali hapo wakapaita Teiten, yaani kituo kisichobadilika. Magari yakapangwa, kamera zikasimamishwa juu ya miguu yake, na madereva wa teksi waliokodiwa kutwa wakakaa kungoja. Kumbuka kwamba ule ulikuwa ushauri wa kuhama, haukuwa amri ya sheria. Kwa mwandishi mwenye mhariri anayetaka kujua kwa nini gazeti la pili limepata picha nzuri zaidi, tofauti kati ya ushauri na amri ni mlango uliofunguliwa.

Baadhi ya watu wa vyombo vya habari waliingia katika nyumba zilizoachwa, wakatumia umeme na simu za wenyewe bila ruhusa. Habari hizo zikawafikia wenye nyumba. Basi kikosi cha wazima moto wa kujitolea, ambao walikuwa wenyeji wa pale pale wenye mashamba na shughuli zao, kikarudi katika eneo la hatari ili kulinda mali za jirani zao.

Tarehe 3 Juni kulikuwa na mvua na mawingu, na kilele hakikuonekana vizuri. Saa 10 na dakika 8 alasiri donge likameguka, na safari hii wingu halikusimama pale lilipozoea. Wakafa watu 43. Kati yao 16 walikuwa waandishi, wapiga picha na wasaidizi wao. Wazima moto wa kujitolea walikuwa 12, wakazi 6, madereva wa teksi 4, askari polisi 2, na wataalamu wa volkano 3.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara nakwama pale pale, kwa wale madereva wanne na wazima moto kumi na wawili. Tumezoea kusema kwamba mwandishi anayekwenda mahali pa hatari anaiweka roho yake rehani, na roho ni yake. Shimabara inakataa maneno hayo. Mwandishi haendi peke yake. Nyuma yake yuko anayemwendesha, yuko anayetumwa kumzuia, yuko anayelazimika kulinda mlango alioufungua.

Kuhusu wale wataalamu watatu, najua wako watakaoniuliza: kama elimu inaokoa, mbona wenye elimu walikufa? Wawili walikuwa mke na mume, Katia na Maurice Krafft, Wafaransa waliozunguka dunia miaka mingi wakipiga filamu za volkano. Wa tatu alikuwa Mmarekani, Harry Glicken, ambaye mwezi Mei 1980 alikuwa katika kituo cha kuuangalia mlima St. Helens, akaondoka, akapokelewa zamu na mwenziwe David Johnston, na kesho yake mlima ukalipuka ukamchukua Johnston. Hao waliijua hatari kwa jina lake, na wakachagua kuikaribia. Sikubaliani na uchaguzi wao, lakini ulikuwa uchaguzi. Dereva wa teksi aliyeambiwa angoje mpaka picha zimalizike hakuchagua kitu.

Tena akina Krafft walikuwa wameacha kazi nyuma yao, nayo ndiyo inayonifanya nisikate tamaa na habari ya mafunzo. Tarehe 13 Novemba 1985, huko Kolombia, mlima Nevado del Ruiz ulilipuka usiku, ukayeyusha sehemu ya barafu yake, na maji yale yakageuka tope lililofuata mabonde ya mito. Saa mbili na zaidi baadaye tope liliufikia mji wa Armero. Katika msiba ule walikufa watu wapatao 23,000. Kilichoniuma nilipoyasoma haya mara ya kwanza ni kwamba ramani ya hatari ilikwisha kutolewa mwezi mmoja kabla, na hata magazetini ikachapishwa. Alasiri ya siku ile majivu yalianguka juu ya Armero, na redio ya pale mjini ikawataka watu watulie. Saa zile zilitosha kwa mtu mzima kutembea mpaka penye mwinuko. Baada ya msiba wapiga picha walifika kutoka pande zote, na picha ya binti mmoja wa miaka 13 aliyenaswa katika vifusi na maji ikapewa tuzo kubwa ya dunia. Sisemi picha ile haikustahili. Nasema kwamba siku ile ile alasiri, mtangazaji mmoja wa mji mdogo, kama angejua tope la volkano ni kitu gani na hupita wapi, angalikuwa na thamani kuliko kamera zote zilizofika baadaye.

Baada ya Armero akina Krafft wakaanza kutengeneza filamu ya kufundishia, ya kuwaonyesha watu wa kawaida na wakubwa wao kila namna ya hatari ya volkano: lava, majivu, tope, na lile wingu la moto. Mwaka 1991, mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipoanza kutikisika, filamu hiyo, ingawa ilikuwa bado haijakamilika, ilionyeshwa kwa viongozi na wananchi wa pale. Hadithi ndefu za wataalamu hazikuwa zimewaingia watu, lakini wingu lile walipoliona kwa macho likiteremka, wakaelewa. Makumi ya maelfu wakahamishwa. Pinatubo ulilipuka kwa nguvu zake zote tarehe 15 Juni 1991, siku 12 tu baada ya waliopiga filamu kufa Unzen. Wataalamu wanakadiria kwamba watu wasiopungua 5,000 waliokolewa kwa kuhamishwa mapema.

Walakini ziko namna mbili za kujifunza vibaya. Vyombo vya habari vya Japani viliumia sana kwa Unzen, vikajiwekea kanuni kali za kutokaribia maeneo ya hatari. Machi 2011 lilipokuja tetemeko, likafuatiwa na tsunami na ajali ya mitambo ya nyuklia ya Fukushima, waandishi wa vyombo vikubwa wakaondoka hata mahali ambapo serikali haikuwa imewaondoa wananchi, bali iliwaambia wakae ndani ya nyumba zao. Meya wa mji wa Minamisoma, Katsunobu Sakurai, akalazimika kujirekodi mwenyewe na kuutangazia ulimwengu kwamba watu wake wameachwa, na kwamba waandishi wanauliza habari kwa simu tu. Yaani mwaka 1991 walipanda walikokatazwa, na mwaka 2011 wakakimbia penye watu. Makosa yote mawili yana asili moja: kupima hatari kwa kuangalia wenzako wanafanya nini, badala ya kuijua hatari yenyewe.

Siwacheki Wajapani. Mimi mara ya kwanza kutumwa kwenye mafuriko nilipewa daftari, kalamu, na nauli ya kwenda. Ya kurudi nilitakiwa nijue mwenyewe. Nilifika jioni, nikamkuta utingo wa lori lililokwama, akaniambia wamekufa watu arobaini katika kijiji cha ng'ambo. Nikaandika arobaini. Waliokufa walikuwa wawili. Juma moja baadaye mama mmoja alikuja kunitafuta ofisini. Alikuwa amesafiri siku mbili na kitambaa cheupe cha sanda ndani ya mkoba, kwa ajili ya mwanawe ambaye hakuwa amekufa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu ni nani aliyewahesabu, na sikuwa na jibu.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Desemba 3, 2023, alfajiri, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang vikaikumba Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Mara yakaenea maneno kwamba ni volkano imelipuka. Wataalamu wakaja kueleza kwamba sehemu ya mlima ilinyonya maji ya mvua, ikalegea, ikamomonyoka. Huenda mtu akasema kifo ni kifo, jina la nini? Lakini anayeambiwa volkano hukimbia akitazama kileleni, na anayeambiwa tope la mvua hukimbia akiyaacha makorongo. Njia za kukimbilia ni tofauti.

Na huko Goma nilikoanzia, Nyiragongo ulipopasuka tarehe 22 Mei 2021, mji ulikaa siku tano katika matetemeko, kisha tarehe 27 wakuu wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Mamia ya maelfu wakaingia barabarani, huku uvumi ukisema ziwa litalipuka. Uvumi ule ulikuwa na mzizi wa kweli, maana chini kabisa ya Ziwa Kivu imejaa gesi nyingi. Basi jibu lake halikuwa ndiyo wala hapana; lilihitaji mtu anayeweza kuyaeleza mambo hayo kwa Kiswahili cha sokoni, kwa dakika mbili, bila kutisha na bila kulaza watu usingizi. Mtu huyo hawezi kuletwa kwa ndege siku ya msiba. Ni mtangazaji wa pale pale, ambaye naye ana watoto wa kubeba na nyumba ya kufunga, na ambaye pengine analipwa kwa kila habari inayotoka.

Hivi karibuni niliombwa kuzungumza na waandishi kadhaa wa wilayani juu ya mambo haya. Niliacha hotuba, nikawapa karatasi, nikawaambia kila mmoja achore wilaya yake: mito inatoka wapi, daraja lipi huzama kwanza, na gari likiegeshwa pale lielekezwe upande gani ili liweze kutoka haraka. Vijana wale wanajua kuandika vizuri kuliko nilivyojua mimi umri wao. Lakini wengi walichora barabara ya lami na ofisi ya mkuu wa wilaya, basi, wakashika kalamu mkononi. Mmoja akasema anayeyajua madaraja yote ni dereva aliyewaleta, naye yuko nje anaosha gari. Tukamwita ndani, tukampa kiti na karatasi.