Namna Gita la Umeme Lilivyopata Pumzi Ndefu

Uzi wa gita hupewa nguvu mara moja tu, pale unapocharazwa, na kuanzia hapo nguvu hiyo hupungua mpaka noti izime. Fidla ya taarab haina shida hiyo, kwa kuwa upinde huuchochea uzi muda wote unapousugua. Uwezo wa noti kuendelea kuvuma baada ya uzi kucharazwa, ambao wapigaji huuita sasteni, umewashughulisha mafundi wa gita la umeme nchini Marekani kwa miongo mingi.

Jitihada za awali zililenga kuuzuia ubao usile nguvu ya uzi. Gita lenye tumbo wazi husikika kwa sababu uso wake mwembamba hutetemeka na kuisukuma hewa, lakini sauti hiyo yote hulipiwa na uzi wenyewe. Kwa kuwa gita la umeme hunasa mtetemo kwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, mpigaji gita Les Paul alitambua kwamba tumbo si lazima, na takriban mwaka 1940, katika kiwanda cha Epiphone mjini New York, aliunda chombo alichokiita The Log, yaani Gogo, ambacho kiini chake kilikuwa boriti ya msonobari ya inchi 4 kwa 4. Nusu mbili za gita la kawaida alizozipachika ubavuni zilikuwa pambo tu. Kampuni ya Gibson, iliyolikataa wazo hilo mwanzoni, ilitoa gita lenye jina la Les Paul mwaka 1952, wakati kampuni ya Fender ilikuwa imekwisha kuanza kuuza magita ya mbao nzima.

Madaraja mazito ya shaba ya njano, yanayobeba nyuzi, yaliyoenea katika miaka ya 1970 yalifuata mantiki hiyohiyo, ingawa uzito, hata ukiongezwa vipi, huchelewesha upotevu tu.

Njia nyingine ilikuwa kulihadaa sikio. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hitilafu ya mtambo wa studio mjini Nashville iliipa besi ya Grady Martin mkwaruzo usiotarajiwa katika wimbo wa Marty Robbins, na mhandisi Glenn Snoddy akaufuatilia hadi ukazaliwa Maestro Fuzz-Tone, kifaa cha kukanyagwa kwa mguu kilichoingia sokoni mwaka 1962. Saketi yake huvikata vilele vya wimbi la sauti, hivyo mwanzo wenye kishindo na mkia dhaifu wa noti hutoka kwa kimo kinachokaribiana, japo gharama yake ni ukali ambao si kila muziki huustahimili.

Kuulisha uzi upya ndiko kulikobadilisha mambo kwelikweli. Spika yenye sauti kubwa, kama mpigaji gita Jimi Hendrix alivyoonyesha, huweza kuutetemesha uzi bila kuguswa, ila ukumbi mzima hulazimika kuvumilia kelele. EBow ya Greg Heet, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, iliondoa sharti hilo: ni kifaa kinachoenea kiganjani na kutumia betri ya volti 9, ambacho mifereji yake hukaa juu ya nyuzi mbili za pembeni huku koili moja ikihisi mtetemo wa uzi wa katikati na nyingine ikiurudishia mtetemo huo kwa nguvu ya sumaku. Nyuzi za nailoni haziitikii, na mpigaji huulisha uzi mmoja tu kwa wakati. Katika miaka ya 1980 mwanamuziki Michael Brook aliuingiza mfumo wa namna hiyo ndani ya gita lenyewe, na mojawapo ya magita hayo lilitumiwa na The Edge, mpigaji gita wa bendi ya U2, katika wimbo “With or Without You” wa mwaka 1987.